Gari likienda mrama: hesabu niliyoiona mteremkoni Magwagwa

Sisi wa pwani tuna neno letu la chombo kinapoyumba ubavu hadi ubavu baharini. Husema kinakwenda mrama. Mwezi wa Aprili nilijua kwamba hata gari la nchi kavu huenda mrama, na kwamba aliyemo ndani huwa hajui amebakisha kiasi gani kabla ya kulala ubavu.

Nilikuwa nimekwenda bara kwa wakwe. Binti wa ndugu yangu ameolewa Magwagwa, kaunti ya Nyamira, kwenye milima inayoshuka kuelekea mto Sondu. Msomaji ambaye hajafika huko na asidhani ni mbali na maisha yake. Majani ya chai yachumwayo Nyamira husindikwa katika viwanda vya huko kama Kebirigo, Sanganyi na Tombe, kisha husafirishwa hadi kwetu Mombasa, kwenye mnada wa chai. Kuna vijana wetu wanaopata riziki kwa kupakua magunia hayo bandarini na kwenye maghala ya Shimanzi. Lakini kabla jani halijafika kiwandani, huwa limepita kwenye barabara za udongo zilizochongwa ubavuni mwa mlima. Kutwa huwa mlima uko mkono mmoja na bonde uko mkono wa pili.

Tulikodi Land Cruiser mjini Kisii. Ndani tulikuwa watu sita, na juu ya keria tulifunga magunia manane ya mchele na sukari, kila moja kilo 50. Mkwe hendewi mikono mitupu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika sehemu moja kabla ya soko la Magwagwa, tukakuta nusu ya barabara, upande wa bonde, imemegwa na maji. Njia iliyobaki ilikuwa nyembamba, na ili kupita ilibidi magurudumu ya kulia yapande kwenye ukingo wa mlima huku ya kushoto yakibaki chini.

Dereva, kijana wa makamo, alisimamisha gari akashuka. Akatazama kwa muda, akapima kwa macho, kisha akarudi dirishani kwangu.

"Mzee, samahani. Shukeni wote, na hayo magunia tuyateremshe."

Mimi kwa uchovu wa safari nikamwambia: "Mwanangu, gari hili si la milima? Mbona lina nguvu zote hizi?"

Akanijibu kwa adabu: "Nguvu ni ya kupanda, mzee. Hapa hatupandi. Hapa tunainama."

Tukashuka, magunia yakashuka, gari likapita polepole likiwa tupu. Sisi tukatembea nyuma yake na viatu mkononi, na vijana wa pale wakatusaidia kubeba mzigo hadi ng'ambo. Gari liliinama mpaka mke wangu akafumba macho. Halikupinduka. Bibi mmoja aliyekuwa na shamba karibu na pale akatwambia kwamba wako waliopita na mizigo yao juu, na wako walioishia kwenye majani ya chai chini.

Neno la yule kijana nilirudi nalo Mombasa. Niliketi na kalamu na karatasi, nikataka kujua alikuwa ameona nini ambacho mimi sikukiona.

Jambo lenyewe si gumu. Gari lolote lina mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Tupaite kitovu cha uzito. Gari likiwa sawa, mstari ukishushwa kutoka kitovu hicho kwenda chini hupita katikati ya magurudumu. Likiinama, mstari huo husogea kuelekea magurudumu ya upande wa chini. Siku ukivuka gurudumu la chini, gari limekwisha kupinduka, hata kama bado liko hewani.

Kwa hiyo vitu viwili ndivyo vinavyoamua: upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na kimo cha kitovu kutoka ardhini. Chukua upana, ugawe mara mbili, kisha ugawe kwa kimo. Jibu likiwa moja kamili, gari litafika pembe ya nyuzi 45 kabla ya kuanguka. Magari madogo ya kawaida hupata kati ya 1.3 na 1.5. Magari marefu ya milimani hupata kati ya 1 na 1.3. Yaani gari tunaloliamini kwa njia mbaya ndilo jepesi zaidi wa kulala, kwa sababu limenyanyuliwa juu ili tumbo lisigonge mawe.

Sasa nichukue mfano wa gari kama letu, kwa makadirio. Upana wa mita 1.5, kitovu kwenye kimo cha sentimita 75, uzito kilo 2,200. Likiwa tupu, jibu ni moja: nyuzi 45. Weka kilo 400 juu ya keria, mita 2.1 kutoka ardhini. Kitovu kinapanda hadi karibu sentimita 96, na pembe inashuka hadi nyuzi 38. Magunia manane tu, na nyuzi saba zimekwenda.

Hesabu hiyo ni ya gari lililoganda kama jiwe. Gari la kweli lina springi na tairi. Likiinama, springi za upande wa chini hubonyea, tairi hujikunja, na bodi lote huegemea bondeni. Hapo toa nyuzi nyingine kadhaa, tuseme tano. Tumebakiwa na 33.

Tulipokuwa tumesimama, gurudumu la juu lingekuwa nusu mita juu ya lile la chini. Hiyo ni pembe ya nyuzi kama 20, na mtu angesema ipo nafasi ya kutosha. Lakini katikati ya njia upande wa bonde palikuwa na shimo, nalipima kwa macho kuwa la sentimita 30. Gurudumu la chini likiingia humo, tofauti inakuwa sentimita 80, na pembe inaruka hadi nyuzi 32. Kati ya 32 na 33 umebaki uzi mmoja. Abiria mmoja akishtuka akamwangukia mwenzake upande wa bonde, uzi huo umekwisha.

Ndiyo maana nasema gari halipinduki ghafla. Sisi ndio huliona ghafla. Nyuzi zake hutumika moja moja, ya keria, ya springi zilizochoka, ya shimo, ya abiria, mpaka zinapokwisha.

Watu wa pwani hatuna udhuru wa kutolijua hili, kwa sababu wazee wetu walilijua kabla ya magari. Nahodha wa jahazi alipanga shehena nzito chini kabisa, na chombo kitupu kikawekewa farumi tumboni kisije kikalala kwa upepo. Ngalawa ikatiwa mirengu pande zote mbili, maana mwili wake ni mwembamba. Hiyo ni hesabu ileile: shusha kitovu, ongeza upana. Hakuna nahodha mwenye akili aliyepakia mawe juu ya mlingoti.

Na tumeona kinachotokea hesabu ikisahauliwa. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na gati ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Katika Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, nayo ilikuwa imebeba watu zaidi ya maradufu ya 101 walioruhusiwa. Zaidi ya watu 200 walipotea. Uzito kuzidi ni nusu ya maafa. Nusu ya pili ni uzito kuhama, watu wote wanapokimbilia upande mmoja.

Turudi nchi kavu. Kuna tofauti moja ambayo madereva wengi hawaambiwi, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Gari dogo likikata kona kwa kasi kwenye lami tambarare, kwa kawaida huteleza kabla halijapinduka, kwa sababu tairi hushindwa kushika kwanza. Lori lililojaa ni kinyume. Mzigo wake uko juu sana hata hupinduka kabla tairi hazijaanza kuteleza. Dereva wa lori hapewi onyo la mlio wa tairi. Anasikia upande mmoja umekuwa mwepesi, na basi.

Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Lori kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa husukumwa nje kwa nguvu ya robo ya uzito wake, na litapita salama. Kwa kasi ya kilomita 50 nguvu hiyo inafika karibu asilimia 39 ya uzito wake, nayo malori mengi yenye shehena ndefu hupinduka kati ya asilimia 35 na 40. Tofauti ya kumi tu kwenye kisahani cha mwendo. Wanaoishi Mazeras na Mariakani wanajua ninachosema. Kontena halionyeshi lilivyopakiwa, na mara nyingi dereva mwenyewe hajui mlangoni kumewekwa nini na juu kumewekwa nini.

Lori la mafuta lina balaa yake ya ziada, maana mzigo wake unatembea. Likikata kona, mafuta hupanda ubavuni na kitovu huhama pamoja nayo. Kule Ulaya, kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka lori la mafuta livumilie pembe ya nyuzi 23 bila kuanguka. Ishirini na tatu tu, na hicho ndicho kiwango cha lori jema. Sachangwan, Januari 2009, na Msamvu pale Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuteka, moto ukalipuka, na kila mahali wakafa watu takriban mia moja au zaidi. Tulizungumza sana juu ya umaskini wa walioteka. Juu ya lori kulala, tulizungumza kidogo.

Na lori la majani ya chai la Nyamira? Magunia ya majani mabichi hutundikwa kwenye ndoano ili yasibanwe na kuharibika. Kwa chai ni jambo zuri. Kwa lori ni jambo la kuangaliwa, maana mzigo unaoning'inia na kupembea hufanya kazi kana kwamba uzito wake uko pale ulipotundikwa, si pale unapoonekana. Mzigo mwepesi kwa macho, kitovu kiko karibu na paa.

Basi la abiria nalo lina kesi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilipinduka Fort Ternan, si mbali sana na milima hiyo ya Nyamira. Paa liling'oka, wakafa watu zaidi ya 50. Tarehe 8 Agosti 2025, basi la waombolezaji waliokuwa wakitoka Nyahera kwenda Nyakach lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, Kisumu, na zaidi ya watu 20 wakafa. Kila mara kauli ya kwanza huwa moja: mwendo wa kasi, au breki. Huenda ni kweli. Lakini breki na kasi huanzisha tu ajali. Kama gari litalala au litabaki kwa magurudumu yake, na kama paa litamlinda aliyemo au litamponda, hayo huamuliwa karakana kabla basi halijapata nambari ya usajili.

Wenzetu walilijua hili kwa gharama. Mabasi ya ghorofa ya London huwekwa juu ya jukwaa linaloinuliwa upande mmoja, ghorofa ya juu ikiwa imetiwa uzito wa abiria na ya chini ikiwa tupu, na lazima basi lifike nyuzi 28 bila kuanguka. Ipo kanuni nyingine inayotaka bodi la basi libwagwe ubavu kutoka kimo cha sentimita 80, na baada ya hapo ibaki nafasi ya abiria kupona ndani yake. Marekani ilingoja mpaka mwaka 2000, baada ya tairi kupasuka na magari ya Ford Explorer kupinduka na kuua watu, ndipo tairi za Firestone milioni 6.5 zikaitwa zirudishwe, na Bunge lao likapitisha sheria mpya mwaka huohuo. Kuanzia magari ya 2001, serikali yao imekuwa ikimwambia mnunuzi gari analotaka lina hatari kiasi gani ya kupinduka. Mwaka 1997 kampuni ya Mercedes ilizindua gari dogo la A-Class. Mwandishi wa gazeti la magari la Uswidi akalipindua akijaribu kukwepa kizuizi, na kampuni ikalazimika kulirekebisha na kulitia chombo cha kielektroniki cha kulituliza. Kama Mercedes waliweza kukosea, sembuse fundi wa bodi wa kando ya barabara.

Kwetu Kenya tuna mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na tuna kiwango cha bodi za magari ya abiria, KS 372. Miaka ya karibuni barabara zetu zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Gari likipelekwa ukaguzi, huangaliwa breki, taa, usukani na tairi. Yote hayo ni sawa. Lakini mimi kama abiria sijawahi kuona mahali palipoandikwa: basi hili liliinamishwa likafika nyuzi kadhaa. Wala sijaona keria iliyoandikwa uzito inaoruhusiwa kubeba.

Najua nitajibiwa. Mkulima wa Magwagwa atasema gari linalofika kijijini kwao siku ya mvua ni moja, nalo lazima libebe kila kitu: mbolea, saruji, mgonjwa na mkungu wa ndizi. Mwenye gari atasema akipakia nusu, nauli haitalipa mafuta. Wote wawili wana haki, na sisemi wapewe faini waachwe hapo. Mtu hapandishi mzigo juu ya paa kwa kupenda. Hupandisha kwa sababu ndani kumejaa, na kumejaa kwa sababu njia ni mbaya na magari ni machache. Ndiyo maana sehemu ya lawama lazima iende kwa anayejenga barabara.

Wataalamu wa Marekani wanasema karibu asilimia 95 ya magari yanayopinduka yakiwa peke yake huwa yamejikwaa: gurudumu limepiga ukingo, limezama kwenye udongo laini, au limeingia mtaroni. Gari linateleza kando kwenye matope na lingesimama tu, lakini linakutana na mtaro wenye kuta wima. Hapo ndipo linapolala. Ukipita barabara zetu za mashambani, mitaro yake imechimbwa kama kaburi, imesimama wima, karibu kabisa na njia. Mtaro mpana wenye kingo zinazoteremka taratibu huchukua maji yaleyale, na gurudumu likiingia hutoka. Katiba ya 2010 iliziweka barabara za kaunti mikononi mwa serikali za kaunti. Basi hili ni swali la kumuuliza mwakilishi wa wadi, si lazima lifike Nairobi.

Na jambo hili litazidi kuwa la haraka. Bwawa la kuzalisha umeme la Magwagwa kwenye mto Sondu limezungumzwa kwa miaka mingi. Siku litakapoanza kujengwa, malori ya saruji na chuma yatapita kwenye miteremko hiyohiyo. Ni afadhali kingo zitengenezwe kabla ya malori kufika, si baada ya mazishi.

Ninayoomba ni machache. Keria ya kila gari la kukodi iandikwe uzito wake kwa rangi, kama vile idadi ya abiria inavyoandikwa. Kiwanda cha bodi za mabasi kionyeshe hadharani matokeo ya jaribio la kuinamisha, kwa kila aina ya basi. Kona kali za malori ziwekewe alama ya kasi ya lori lililojaa, iliyo chini ya ile ya gari dogo. Na kaunti, za huko na za kwetu, kuanzia Nyamira hadi Taita Taveta wanakopanda Wundanyi, ziache kuchimba mitaro ya wima.

Wewe abiria nawe usingoje serikali. Mzigo mzito uwe sakafuni, wa juu uwe mwepesi. Njia ikiinama, shukeni mtembee, na asiyeweza kutembea akae upande wa mlima. Usitoe mkono nje kulizuia gari, limeshawavunja wengi. Dereva akihisi gari linaanza kulala mteremkoni, ageuze usukani kuelekea chini, upande linakoegemea, japo moyo unamwambia akimbilie juu. Kugeuza kuelekea mlimani ndiko kunakolimalizia. Na ikiwezekana, mteremko upandwe au ushukwe wima, usikatwe ubavu.

Siku ya kurudi, keria ilikuwa na ndizi tulizozawadiwa na wakwe, mikungu mitano. Tulipokaribia pale pabovu, kabla kijana hajasema neno, nilifungua mlango nikaanza kushuka. Akacheka.

"Mzee, leo hujauliza."

Nikamwambia ninajua sasa. Tukateremsha ndizi, tukatembea, gari likapita. Tulichelewa dakika ishirini kufika Kisii, na basi la usiku la Mombasa tulilikuta bado stendi.